Sahihi za Jumamosi

Zedekiya alikuwa mlinzi wa mlangoni katika jengo moja la maduka ya vitambaa na ofisi huko Bur Dubai, na kama kulikuwa na kitu kilichomvimbisha kichwa, ni mwandiko wake. Walinzi wenzake walijaza kitabu cha matukio kama watu wanaofukuzwa: "hakuna tatizo", saa baada ya saa, mpaka ukurasa ukaisha. Yeye aliandika saa, mahali, jina la aliyeona na jina la aliyesema. Hata paka akiingia kwenye lifti, aliandikwa pamoja na rangi yake. Msimamizi wao, Bwana Sulaiman, aliwaonyesha walinzi wapya kurasa zake na kuwaambia, "Yalla, someni. Hivi ndivyo kazi inavyoandikwa." Zedekiya alijifanya anatazama barabarani, huku masikio yote yakiwa ndani.

Lakini kitabu alichokipenda zaidi hakikuwa cha kampuni. Kilikaa kwenye begi lake, kimezungushiwa mfuko wa nailoni, na humo aliandika habari za Wayahudi waliotumikia serikali.

Zedekiya alitoka kwa Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, watu wa vilimani nje ya mji wa Mbale ambao mababu zao waliishika dini hiyo karibu miaka mia iliyopita na wao hawajaiachia. Watu hao walitoa matarishi wa posta, wauguzi, mafundi wa reli na askari magereza, na serikali moja baada ya nyingine ilikula jasho lao bila kuuliza wanasali nini. Kulikuwa na tarishi mmoja aliyekuwa akiongeza mwendo kila Ijumaa ili mfuko wa barua uwe mtupu kabla jua halijazama; watu wa mjini walidhani ana mke mpya kijijini. Mwaka 2011 wazee wa sinagogi waliona habari hizo zinafukiwa makaburini pamoja na wenyewe, wakaamua ziandikwe. Kazi wakampa Zedekiya kwa ajili ya ule mwandiko. Sharti lilikuwa moja tu: kila habari iwe na shahidi asiye ndugu, aliyeona kwa macho yake.

Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2014 alikuwa ameandika kumi na tisa. Ukurasa wa ishirini ulikuwa na jina tu juu yake, na chini hapakuwa na neno. Jina lilikuwa la baba yake.

Mzee Uziya alikuwa karani wa ofisi ya mifugo ya wilaya kwa miaka mingi, hata zile za utawala wa kijeshi, dini yao ilipopigwa marufuku na watu wakasalia mapangoni na chumbani chini ya vitanda. Wakati huo ofisi zilifunguliwa Jumamosi mpaka mchana, na Uziya alionekana, Jumamosi baada ya Jumamosi, akitembea kwenda kazini. Hilo halikusahaulika. Kwenye arusi na matanga Zedekiya alikua akisikia mnong'ono ule ule, kwamba Uziya aliuza Sabato kwa mshahara. Alipokuwa shule ya msingi aliwahi kumng'oa mwenzake jino kwa ajili ya maneno hayo, na hakujuta.

Baba mwenyewe hakujitetea hata siku moja. Zedekiya alipomwambia kwamba wazee hawataki kuuandika ukurasa wake bila shahidi, mzee alisema, "Mtafute Thuwein. Tulikaa meza moja. Alihama mwaka sabini na tatu, nasikia yuko Dubai. Siri ile si yangu peke yangu, ni yake pia. Akitaka, atasema yeye." Ndiyo maana Zedekiya alipopata kazi Dubai alikibeba kitabu mwenyewe. Wengine walikwenda Ghuba kutafuta kiwanja na mabati. Yeye alitafuta hivyo pia, tusidanganyane, lakini kwanza alimtafuta Thuwein.

Aliuliza kwa mafundi cherehani wa mtaa wa Satwa, akauliza kwa kila aliyemsikia akisema Kiswahili cha pwani. Mwaka mzima ukapita. Kisha siku moja mama mmoja wa makamo mwenye buibui aliingia jengoni kufuatilia karatasi zake ghorofa ya pili, akamkuta Zedekiya akizungumza Kiswahili kwenye simu, akasimama.

"Kwenu wapi?" aliuliza.

"Uganda, Bi mkubwa. Upande wa Mbale."

"Ati Mbale? Baba yangu kakulia huko. Babu yangu alitoka Unguja akenda kufungua duka la nguo Mbale."

Zedekiya alisahau hata kumwandika kwenye kitabu cha wageni, kosa lake la kwanza tangu aajiriwe. Mama huyo alikuwa Bi Kuruthum, na baba yake alikuwa Thuwein yule yule.

Ungedhani hapo kazi imekwisha. Ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Mzee Thuwein alikuwa na miaka themanini na tano, sikio moja limekufa na la pili linasuasua, na simu alishaiaga. Kumbukumbu zake zilikuja na kuondoka zilivyotaka zenyewe. Kwa miezi sita Zedekiya alimtembelea nyumbani kwa Bi Kuruthum, hapo hapo Bur Dubai, kila alipopata mapumziko. Siku nyingine mzee alimdhania ni mtu wa kusoma mita. Siku nyingine alikuwa na akili timamu kabisa, akasimulia mvua za Mbale na mpira wa miguu, lakini Zedekiya akiitaja ofisi ya mifugo, mzee aliufunga mdomo. "Hayo siyajui, mwanangu," alisema, akageukia ukutani. Zedekiya aliona wazi kwamba si kusahau. Ilikuwa hofu ya zamani iliyokataa kuzeeka.

Sasa, kuna jambo lilimsumbua Zedekiya ambalo hakuliandika popote. Dubai hakuna aliyejua yeye ni Myahudi. Jumamosi hakufanya kazi: alibadilishana zamu na Nasifu, Mwislamu wa Iganga, huko huko Uganda, aliyelala kitanda cha juu yake kwenye nyumba ya kampuni huko International City. Ijumaa Nasifu alipokwenda msikitini, Zedekiya alimshikia mlango. Jumamosi Nasifu alilipa. Wenzao walipouliza sababu, mtu mmoja alisema, "Huyu ni Msabato," na Zedekiya aliliacha neno lisimame. Likawa ndilo jina lake. Msabato, chumvi iko wapi? Msabato, kesho unasali? Miaka miwili mtu anaandika habari za watu waliokataa kuikana dini yao, huku yeye mwenyewe amejificha nyuma ya kanisa la watu. Alikuwa akiona haya, hasa alipoufungua ule ukurasa wa ishirini.

Ijumaa moja ya mwezi wa pili, jua likiwa limebakiza kama nusu saa lizame, Zedekiya alikuwa chumbani International City, ameshaoga, mishumaa miwili iko juu ya kabati tayari, simu ikalia. Ilikuwa Bi Kuruthum.

"Ndugu yangu, kaka yangu kaja kutoka Maskati, anamchukua baba akakae naye. Kesho jioni wanaondoka. Leo baba kaamka akili zake zote, kaniuliza, yule mtoto wa Uziya yuko wapi? Kasema akitaka maneno aje kesho asubuhi. Mimi nakwambia kweli, sidhani kama atarudi huku tena."

"Nitakuja, Bi Kuruthum. Inshallah nitakuja."

Alikata simu, akakaa kitandani. Hata angekimbia, basi na metro visingemfikisha Bur Dubai kabla ya jua kuzama. Na kesho ilikuwa Sabato: hapandi gari, hashiki simu, hashiki kalamu. Hakusugua kichwa muda mrefu. Aliweka simu kabatini, akaweka kitabu juu yake, na juu ya kitabu akaweka kalamu. Kisha akawasha mishumaa.

Alitoka saa kumi na moja alfajiri, mfukoni hana kitu. Kutoka International City mpaka Bur Dubai si mwendo wa watu. Barabara zile zilitengenezwa kwa ajili ya magari, na mtu wa miguu anaonekana kama ameharibikiwa. Baridi ya mwezi wa pili ilimsaidia. Alishika kando ya barabara ya Ras Al Khor, mchanga ukiingia viatuni, na madereva wawili wa teksi walisimama kumuuliza kama anaumwa. Njiani alihesabu maili ambazo baba yake alitembea kwenda ofisini, maana mzee alikuwa na baiskeli nzuri ya serikali, na Jumamosi ilibaki nyumbani imeegemea ukuta. Zedekiya alikuwa akiijua baiskeli ile tangu utoto. Kwa nini iliegemea ukuta kila Jumamosi, hakuwahi kujiuliza mpaka asubuhi hiyo, akiwa na malengelenge kwenye kisigino. Mtu aliyeuza Sabato angepanda baiskeli yake. Alisimama kando ya barabara, akacheka peke yake, halafu machozi yakamtoka.

Alifika saa tatu na nusu. Lifti aliipita, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne. Kengele hakuibonyeza, akagonga mlango kwa vidole. Bi Kuruthum alifungua, akamtazama miguu.

"Umekujaje wewe?"

"Kwa miguu."

"Kutoka International City?"

"Ndiyo, Bi Kuruthum."

Alimletea maji na kumwingiza ndani, ambako Mzee Thuwein alikuwa kwenye kochi, kanzu safi na kofia ya viua, masanduku mawili yako karibu na mlango. Zedekiya aliinama. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Mzee alimtazama juu mpaka chini. "Mikono mitupu? Kila siku huja na daftari lako kama mtu wa kodi. Leo lipo wapi?"

Zedekiya alifungua mdomo, na jibu alilolizoea, lile la Msabato, likawa tayari ulimini. Alilimeza. Alisogea karibu na lile sikio linalosuasua na kusema kwa sauti ambayo hata jirani angeisikia, "Mimi ni Myahudi, Mzee. Leo siandiki."

Uso wa Mzee Thuwein ukafunguka, na kicheko kikamtoka chembamba, cha kijana. "Hata baba yako hakuwa akiandika," alisema. "Jumamosi? Wallahi, kalamu alikuwa akiiogopa kama nyoka. Kuruthum! Lete karatasi. Lete kalamu, uketi hapa. Huyu leo hawezi, utamwandikia wewe."

"Mimi, baba?"

"Wewe. Baba yake nilimwandikia mimi."

Bi Kuruthum alikaa chini kwenye mkeka, karatasi juu ya sinia, akaandika kwa hati za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, maana Kiswahili chake alifundishwa kuandika na bibi yake kwa hati hizo na hakuwa na nyingine. Mzee akasema.

Alisema kwamba kila aliyefika ofisini alitia sahihi kwenye kitabu cha mahudhurio. Jumamosi Uziya alifika kwa miguu, akaketi kwenye kiti chake na mikono ameikalia, na Thuwein alitia sahihi mbili, yake na ya Uziya. Kazi ya kuandika chanjo ya ng'ombe aliifanya Thuwein peke yake, na Uziya alibeba, akapanga na kuwaelekeza wafugaji. Ijumaa mchana Thuwein alipokwenda msikitini, Uziya alijaza vitabu vya watu wawili. Miaka mingi walikwenda hivyo na mkuu wao hakujua, au alijua akafumba macho.

"Nilimwambia, Uziya, acha kazi ukalime. Unajitesa bure. Akaniambia, Thuwein, wakituondoa sote maofisini, kesho watasema hatukuwahi kuwepo. Acha jina langu likae kwenye kitabu chao. Basi likakaa. Mimi nililikalisha."

Halafu ilikuja marufuku, na Jumamosi moja akaja mkaguzi na askari wawili. Kila mtumishi aliambiwa ajaze fomu ya dini yake hapo hapo, kwa mkono wake, mbele yao. Thuwein alisimulia sehemu hiyo taratibu. Alisema alimwona Uziya anaitazama kalamu na hainyanyui, na akajua kwamba mtu yule atakufa pale na hatainyanyua. Kwa hiyo Thuwein alimshika mkono wa kulia, akaunyanyua juu, akamwambia mkaguzi kwamba karani huyu ameungua kwa dawa ya josho la ng'ombe, ndiyo kwanza anafungwa kidonda. Palikuwa na boksi la bendeji za ng'ombe mezani. Alimzungushia mkono mzima mpaka ukawa kama kata ya kuchukulia mtungi, mkaguzi anatazama. Fomu wakampa wiki nzima ailete mkono ukipona.

"Akaijaza siku ya Jumatatu," mzee alisema. "Aliandika Myahudi. Kwa herufi kubwa. Nikaichukua ile fomu nikaifungia kwenye faili la kichaa cha mbwa, hakuna anayelifungua lile. Wala hawakurudi kuiuliza. Lakini bendeji ilibidi iendelee, maana mkaguzi alipitapita. Mwaka mzima, mwanangu, kidonda cha baba yako kilikuwa kikiuma Jumamosi tu."

Bi Kuruthum alicheka mpaka kalamu ikamwanguka. Zedekiya hakucheka. Nyumbani, ndani ya sanduku la baba, chini ya kitabu cha sala, kulikuwa na bendeji moja iliyokunjwa vizuri, pana kuliko ya hospitali, imegeuka rangi ya chai. Alipokuwa na miaka saba aliitoa akaizungushia matambara kutengeneza mpira, na hiyo ndiyo siku pekee baba yake alimchapa. Hakuwahi kuelewa. Habari ya bendeji ile hakuwa amemwambia Mzee Thuwein wala mtu mwingine yeyote.

"Kwa nini hukusema siku zote hizi, Mzee?"

"Sahihi ya kughushi ni jela. Nimekaa nikiogopa miaka arubaini, hata serikali yenyewe imeshakufa mimi bado naogopa." Mzee alijifuta macho kwa ncha ya kofia. "Na baba yako hakunitaja, hata alipotukanwa na watu wake. Najua walimtukana. Mwambie nimesema. Khalas, nimesema."

Alichukua kalamu kwa binti yake, akatia sahihi chini ya karatasi.

Zedekiya alikaa Bur Dubai mpaka nyota zilipotoka, akawabebea masanduku mpaka kwenye gari, kisha akapanda basi kwa nauli aliyopewa na Bi Kuruthum, karatasi ikiwa kifuani. Chumbani alimkuta Nasifu anakula, akamwekea ile karatasi mbele. Nasifu alikuwa amesoma madrasa vizuri na hati zile hazikumshinda, ila alijikwaa hapa na pale. Alisoma kwa sauti, Zedekiya akaandika, neno kwa neno, kwenye ukurasa wa ishirini. Walipomaliza, Nasifu aliikunja karatasi polepole.

"Kwa hiyo wewe si Msabato."

"Si Msabato. Ni Myahudi."

"Nilijua kuna jambo," alisema Nasifu, akarudi kwenye wali wake. "Miaka miwili sijakusikia ukiimba. Wasabato wale wanaimba mpaka tunahama chumba."

Zedekiya aliupiga picha ukurasa ule akautuma kwa simu, na wazee wa kilimani wakausoma mbele ya sinagogi nzima, na aliyeusoma alikuwa ndugu wa yule mwenzake wa zamani aliyeng'olewa jino. Wanasema mzee mmoja aliyekuwa na maneno mengi kuliko wote alisimama, akavuka chumba na kumwinamia Uziya. Zedekiya alisimuliwa hayo kwa simu, akatembea ukumbini mwa jengo lake siku nzima kifua mbele, hata Bwana Sulaiman akamuuliza kama amepandishwa cheo.

Jumatano baba yake alipiga simu mwenyewe, jambo lisilo la kawaida, maana macho yalikuwa yamechoka na namba alibonyezewa.

"Nimesikia," alisema. "Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Nani alishika kalamu?"

"Binti yake, Baba. Mzee mwenyewe alimwambia."

"Vizuri," alisema Mzee Uziya. "Basi Ijumaa ni zamu yako."

Ijumaa hiyo mchana adhana ilipolia, Nasifu alichukua mswala wake na kuvuka barabara. Zedekiya alibaki mezani pake mlangoni. Alijaza kitabu cha kampuni, saa na mahali, kisha akatoa kile kingine kwenye begi, akakitoa mfukoni na kufungua ukurasa wa ishirini na moja. Kilikuwa kitabu cha Wayahudi waliotumikia serikali, na alijua wapo watakaouliza. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote, bila haraka:

"Thuwein, Mwislamu, karani wa mifugo. Shahidi asiye ndugu: Uziya, aliyekaa naye meza moja."